Goldberg Variations (rekodi ya Glenn Gould ya 1955)

Goldberg Variations ni albamu ya mpiga piano wa Kanada Glenn Gould (25 Septemba 1932 – 4 Oktoba 1982), iliyorekodiwa mjini New York, Marekani, mnamo Juni 1955 na kutolewa Januari 1956. Ndiyo albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya Columbia, na ilimpatia umaarufu wa kimataifa akiwa na umri wa miaka 23.

Muziki huo ulitungwa na Johann Sebastian Bach na kuchapishwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1741. Unaanza kwa wimbo mtulivu uitwao aria, ukifuatiwa na vipande 30 vilivyojengwa juu ya msingi uleule wa sauti za besi. Kisha aria inarudi. Bach aliuandikia hapsikodi yenye safu mbili za vibonye. Hapsikodi ni kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Piano ina safu moja tu, hivyo katika vipande kadhaa mikono miwili hugombania vibonye vilevile.

Gould alipiga kwa mara ya kwanza New York tarehe 11 Januari 1955, na kesho yake Columbia ikaamua kumpa mkataba. Kazi hii haikuwa chaguo la kawaida kwa kijana anayeanza, tena kwenye piano. Studio ilikuwa kanisa la zamani kwenye mtaa wa 30. Gould alifika na koti zito ingawa ilikuwa Juni, pamoja na kiti kifupi ambacho baba yake alikuwa amekirekebisha. Alikuwa na tabia ya kuimba chinichini akipiga, na sauti yake inasikika katika rekodi.

Albamu nzima ina dakika 38 hivi. Kasi yake ni kubwa kweli, lakini ufupi huo unatokana pia na kuacha marudio aliyoyaonyesha Bach, kwa hiyo kuilinganisha na rekodi nyingine kwa dakika pekee kunapotosha. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba hata katika kasi hiyo kila sauti inasikika peke yake.

Gould aliacha kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964. Baadaye hakuridhika na rekodi hii: aliona kila kipande kilikwenda njia yake. Mwaka 1981 alirudi katika studio ileile akairekodi upya, safari hii akiunganisha vipande kwa mapigo yanayohusiana. Rekodi ya pili ina takriban dakika 51, na ilitolewa mwaka 1982, muda mfupi kabla ya kifo chake. Aria ya mwanzo inachukua chini ya dakika 2 katika ile ya 1955, na zaidi ya dakika 3 katika ile ya 1981.