Kusoma na Kufahamu: Watoto wa Nyanda za Juu Kusini na Kitabu

Kurasa nyingine za kitabu hiki cha kumbukumbu zinaeleza habari za majengo, za wachungaji waliotutangulia na za vyama vya usharika. Sura hii fupi inahusu kazi iliyofanyika kimya kimya pembeni mwa hayo yote, yaani kumfundisha mtoto mdogo kusoma na, zaidi ya kusoma, kuelewa alichokisoma. Naomba msomaji anivumilie nikizungumza habari za nukta na mkato katika kitabu cha historia ya Kanisa.

Usharika wetu ulipozaliwa, kazi hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30 katika nyanda hizi. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, mwaka ule ule walipofika ndugu zetu Wamoraviani huko Rungwe. Walifungua kituo cha Manow mwaka 1892, Bulongwa katika nchi ya Wakinga mwaka 1895, na Kidugala kwa Wabena mwaka 1898. (Bulongwa na Kidugala zimo katika Mkoa wa Njombe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, lakini katika habari za Kanisa hatuwezi kuzitenga na Iringa.) Walipojenga nyumba ya ibada walijenga na shule, na mara nyingi nyumba ilikuwa moja. Siku za juma mwalimu wa kijiji alifundisha herufi, na Jumapili mtu yule yule alisimama kuongoza ibada. Ndiyo sababu wazee wetu wengi humwita mwinjilisti "mwalimu" hata leo.

Swali la kwanza lilikuwa ni la lugha. K. Schumann alichapisha sarufi ya Kinyakyusa mwaka 1899, na R. Wolff ile ya Kikinga mwaka 1905. Kazi hizo zilistahili heshima, na bado zinastahili. Hata hivyo tukumbuke kwamba aliyeamua neno likatwe wapi na sentensi ikome wapi alikuwa mgeni aliyejifunza lugha hizo ukubwani, akisaidiwa na vijana wenyeji ambao majina yao hayakuwekwa kwenye jalada. Wakati huo huo serikali ya Wajerumani iliendesha shule zake kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi, na Waingereza waliendelea na lugha hiyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Toka Unguja hadi Mwakaleli au Ilula ni mbali. Mtoto aliyesema Kinyakyusa au Kihehe nyumbani, ambaye ulimi wake haukuitenga "r" na "l", alikutana na lugha ya kitabu kwa mara ya kwanza mlangoni mwa darasa.

Hapo ndipo penye mtego ambao naona haujaelezwa vya kutosha. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa silabi, anaweza baada ya miezi michache kutamka ukurasa wowote utakaowekwa mbele yake. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Hujikwaa katika kila neno la pili, na kujikwaa kwake humwonyesha mwalimu kwamba bado. Mtoto wetu hutiririka. Mwalimu husikia sauti safi, mzazi hufurahi, mkaguzi huweka alama ya vema, na hakuna anayegundua kwamba msomaji hajui hata jambo moja katika yale aliyoyatamka. Filipo alimwuliza towashi wa Ethiopia kama alikuwa akiyafahamu aliyokuwa akiyasoma, na towashi alikiri kwamba alihitaji mtu wa kumwongoza. Katika madarasa yetu swali la Filipo liliulizwa mara chache mno.

Desturi ya kusoma kwa pamoja iliongeza tatizo. Sisi tulioanza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1960 tunaukumbuka wimbo ule: darasa zima kwa sauti moja, na fimbo ya mwalimu ikipita chini ya maneno ubaoni. Tulipumua fimbo iliponyanyuliwa. Kama kituo kilikuwa hapo au hakikuwapo, halikuwa jambo letu.

Na vituo katika Kiswahili vina kazi nzito kuliko wengi wanavyodhani. "Baba amekuja" na "Baba amekuja?" ni maneno mawili yale yale, kwa mpangilio ule ule. Tusipotumia "je", hakuna kitu katika ukurasa kinachotenganisha habari na swali isipokuwa ile alama ndogo mwishoni, na mtoto asiyeinua sauti mbele ya alama hiyo hajaliona swali. Au tuchukue mfano wa nyumbani. "Mama Neema ameanguka" ni habari ya jirani kujikwaa njiani. "Mama, Neema ameanguka" ni mtoto anayekimbia kumwita mama yake. Mkato mmoja umebadilisha ni nani aliyeko chini. Vitabu vingine vya zamani viliuita mkato "kipumuo", na mimi nalipenda jina hilo, ingawa lina upungufu wake: humfundisha mtoto kwamba alama ile ni ya mapafu tu, wakati ni ya maana pia.

Sisi wa Kanisa tulipaswa kulijua hilo mapema. Katika Luka 23:43, je, neno "leo" limefungamana na kusema kwa Yesu au na kuingia peponi kwa yule mhalifu? Hati za kale za Kiyunani hazikuwa na mikato kama yetu, hivyo ni wafasiri walioamua. Sisi huweka mkato kabla ya "leo". Wapo majirani zetu, Waadventista kwa mfano, wanaousoma mstari huo kana kwamba mkato uko baada yake, na fundisho zima la hali ya wafu linafuatana na uamuzi huo.

Katekismo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 nayo, kwa umbo lake, ni zoezi la ufahamu: baada ya kila amri huja swali linalouliza maana yake. Luther alitaka mtoto afikiri. Lakini katika madarasa ya kipaimara ya nyanda hizi, swali na jibu vyote vilikaririwa, na vijana wengi walijibu bila kosa hata nukta moja, pasipo kujua kwamba walikuwa wameulizwa. Sitaki kuwalaumu walimu wale. Vitabu vilikuwa vichache, na aliyekariri alibaki na kitu hata wamisionari walipoondolewa wakati wa vita ya kwanza na tena ile ya pili. Katika kipindi cha kwanza Waskoti wa Livingstonia ndio waliotunza kazi, hadi Wajerumani waliporejea katikati ya miaka ya 1920. Darasa la kijijini lisingeendelea bila waliokuwa nayo kichwani. Karl Roehl naye alijaribu kuukaribisha ufahamu kwa njia nyingine: katika Biblia yake ya mwaka 1937 aliyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Tafsiri ya Muungano ilipotoka mwaka 1952, waliokariri mistari kwa maneno ya Roehl walilazimika kujifunza upya.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zetu chini ya serikali, na mwaka 1977 ukaja mpango wa Elimu ya Watu Wote. Watoto waliingia kwa wingi uliozidi wa walimu na vitabu, na wimbo wa fimbo ukawa ndiyo njia pekee. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ni asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili waliofikia kiwango cha kuelewa walichokisoma. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza ulipunguzwa ili nguvu ziende kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na kati ya mwaka 2016 na 2021 Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa Tusome Pamoja.

Katika usharika wetu hatukungoja mradi. Walimu wa chekechea huwafanya watoto wapige kofi moja penye mkato na mawili penye nukta, kisha humwuliza kila mmoja peke yake nani alifanya nini. Katika kipaimara, kijana hueleza amri kwa Kinyakyusa, Kihehe au lugha yoyote ya kwao kabla ya kuikariri kwa Kiswahili. Na wanaosoma masomo ya Jumapili hukutana Jumamosi jioni, wakiwa na penseli mkononi, kutafuta mahali penye maswali.