Uingereza na Kodi ya Mapato ya Udhamini ya Wanamichezo wa Kigeni, 1986–2014

Kwa desturi ya kodi ya mapato, dola nyingi humtoza mkazi wake kwa kila alichochuma duniani, na humtoza mgeni kwa kile tu alichochuma ndani ya mipaka yake. Mwanamichezo tajiri huuvuruga mgawanyo huo. Mcheza tenisi huingia London kwa wiki mbili na kuondoka. Tuzo yake ina mahali pake panapojulikana, lakini raketi aliyoishika imelipiwa na kampuni ya nchi nyingine, kwa mkataba wa mwaka mzima, na fedha zimeingia katika kampuni anayoimiliki mwenyewe. Fedha hizo zimechumwa wapi? Insha hii inadai kwamba Uingereza ililijibu swali hilo kwa ukali kupita majirani zake, kisha ikashindwa kuusimamia ukali huo mbele ya wenye nguvu.

Msingi wa kimataifa ulikuwa umewekwa mapema. Rasimu ya mkataba wa mfano wa OECD ya mwaka 1963 iliiruhusu nchi ya mashindano kumtoza mwanamichezo mgeni, na marekebisho ya 1977 yaliongeza kwamba kodi haiepukwi kwa sababu tu malipo yamepelekwa kwa mtu mwingine au kampuni. Bunge la Uingereza liliufuata mwelekeo huo katika Sheria ya Fedha ya 1986, iliyoanza kutumika 1987: mlipaji alipaswa kukata kodi ya zuio, na malipo yaliyokwenda kwa kampuni ya mwanamichezo yalihesabiwa kuwa yake. Mamlaka ya mapato ilichukua udhamini wa dunia nzima na kuugawa kwa siku za mashindano. Sehemu ya siku zilizochezwa Uingereza ikawa ndiyo sehemu ya kutozwa.

Kesi iliyoipima sheria hii ilihusu kiasi kidogo, takriban pauni 27,500 za mwaka wa kodi 1998/99. Andre Agassi, raia wa Marekani asiye mkazi wa Uingereza, alikuwa amecheza huko, na kampuni yake ilikuwa imelipwa na Nike na Head. Walipaji hao hawakuwa na makao ya kikodi Uingereza. Mawakili wake walijenga hoja juu ya kanuni kongwe kwamba sheria ya Bunge haivuki mipaka: ikiwa mgeni wa ng’ambo hawezi kulazimishwa kukata kodi ya zuio, basi malipo yake yako nje ya sheria nzima. Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 2004. Tarehe 17 Mei 2006 Baraza la Malodi, lililokuwa bado mahakama ya juu kabisa, likatengua uamuzi huo; Lodi Walker peke yake alipinga. Hoja ya wengi ilikuwa rahisi: tafsiri ya Agassi ingeifanya kodi kuwa ya hiari, kwa kuwa ingetosha kumlipa mtu kupitia kampuni ya ng’ambo. Kwa maoni ya mwandishi, hoja hiyo ni sahihi kuhusu nia ya Bunge, ingawa haikugusa swali la iwapo siku za mashindano ni kipimo cha haki.

Kipimo hicho ndicho kilicholeta tatizo. Tuchukue mfano wa kubuni: mkimbiaji mwenye udhamini wa pauni milioni 10 kwa mwaka, anayeshindana siku 10, moja ikiwa London. Pauni milioni 1 zitahesabiwa kuwa za Uingereza, na kwa kiwango cha juu cha 50% kilichoanza 2010, kodi itakaribia pauni 500,000. Akilipwa ada ya pauni 150,000, atarudi kwao na hasara. Kadiri anavyoshindana mara chache, ndivyo kila siku inavyokuwa ghali zaidi. Usain Bolt hakukimbia London mwaka 2010, na sababu aliyoitaja hadharani ilikuwa kodi.

Serikali haikubadili kanuni; ilitoa misamaha. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2011 pale Wembley ilisamehewa, kisha Olimpiki ya 2012, kisha mashindano ya kumbukumbu yake ya 2013, ambako Bolt alikimbia, na Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, 2014. Olimpiki, ni kweli, huja na sharti hilo tangu nchi inapoomba uenyeji. Mengine yalikuwa majadiliano, na mwaka 2014 sheria iliipa Hazina uwezo wa kusamehe mashindano makubwa kwa kanuni tu, bila kurudi Bungeni kwa sheria mpya kila mara.

Hispania ilipita njia tofauti. Amri ya kifalme ya 2005, iliyopachikwa jina la Beckham, ilimruhusu mgeni aliyehamia kazini kutozwa kama asiye mkazi, kwa 24%, na mapato yake ya ng’ambo yakaachwa kwa kiasi kikubwa. Wanamichezo wa kulipwa waliondolewa katika nafuu hiyo kuanzia 2015.

Mkimbiaji wa Kenya anayeshinda tuzo Boston hana nafasi katika mazungumzo ya aina hii. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, na kwa kawaida 30% ya tuzo yake huzuiliwa kabla hajaipokea.