Cheti cha fundi wa Segese kilikotoka

Mafundi wengi wa Segese, huko Msalala mkoani Shinyanga, hawakuanzia darasani. Walianza wakiwa saidia fundi, wakibeba maji na kukoroga zege, hadi siku walipokabidhiwa mwiko, kamba na timazi wasimamishe kona yao ya kwanza. Sheria zilikuja baadaye.

Wakoloni waliacha shule za ufundi chache, zikiwemo Ifunda na Moshi. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya 1974 ndiyo iliyoupanua mfumo wa taifa, na mafundi wakawa wanapimwa kwa gredi: ya tatu, ya pili, ya kwanza. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kahama ina Mwanva, Shinyanga ina Buhangija. Kwangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa, maana uliwasogezea uashi na useremala watu wazima wa vijijini ambao shule ilishawapita.

Sheria ya 1994 ikaunda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, na kuipa wakati huo kazi ya kusajili na kuthibitisha ubora wa vyuo vya ufundi stadi, viwe vya serikali, vya dini au vya watu binafsi. Upande wa kampuni, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ilianzishwa kwa sheria ya 1997, ikiwa na madaraja hadi la saba, kila daraja na kikomo cha thamani ya kazi.

Mwaka 2001 mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, ulio Msalala hiyohiyo, ukaanza uzalishaji. Hivyo kazi za ujenzi zipo, lakini kwenye zabuni rasmi mkono mzuri bila karatasi hauhesabiwi.

Dawa yake ipo: urasimishaji wa ujuzi, ambao VETA iliuanza kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Fundi hupimwa kwa kazi. Anajenga, mpimaji anaweka pima maji ukutani, anakagua viungo vya tofali, anauliza vipimo vya mchanganyiko wa saruji na mchanga. Panapopungua, kama kusoma ramani, anafundishwa kwa muda mfupi, kisha anapata cheti.

Halmashauri ya Msalala hupokea ushuru wa huduma unaotokana na dhahabu. Itenge sehemu yake kuwalipia mafundi wa Segese upimaji huo, na wapimaji wawafuate kwenye saiti zao.