Nani Huchagua Barabara? Bangboka, Kisangani na Historia ya Fedha za Lami

1.0 Utangulizi

Uwanja wa ndege wa Bangboka, ambao katika maandishi mengi ya Kifaransa huandikwa Bangoka, uko kiasi cha kilomita 17 mashariki ya katikati ya mji wa Kisangani, mkoani Tshopo. Njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,500, na kwa hiyo inaweza kupokea ndege kubwa za kimataifa. Baina ya uwanja huo na mji ipo barabara ambayo kila mgeni rasmi hana budi kuipita. Kwa upande mwingine, ziko njia za mitaa ya Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga, ambazo wageni hao hawana haja ya kuzipita.

Swali la kwamba barabara ipi itengenezwe kwanza huchukuliwa mara nyingi kuwa la wahandisi: hupimwa wingi wa magari, kina cha mashimo na hali ya mitaro, kisha orodha ikapangwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kisangani orodha hiyo imepangwa pia na historia ya utawala. Hoja yenyewe ni kwamba mamlaka ya kuchagua barabara na mamlaka ya kuilipia yalitenganishwa mapema, na kwamba kwa muda mrefu baraza la wenyeji, ambalo lingeweza kuyaunganisha, ama halikuwapo ama halikuwa na mfuko.

2.0 Mji wa mto, reli na ndege

Kisangani haukuzaliwa kwa barabara. Stanley aliweka kituo chake karibu na maporomoko mwaka 1883, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliteuliwa kuwa liwali wa mahali hapo kwa mapatano na Mfalme Leopold II. Hapo ndipo safari ya meli kutoka Kinshasa inapokomea. Ili kuyapita maporomoko, ilijengwa reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906. Kwa hiyo uchumi wa mji ulitegemea maji na chuma, na barabara zilikuwa matawi ya kuleta mazao bandarini.

Matawi hayo yalitunzwa kwa nguvu za watu. Serikali ya kikoloni ilihamisha vijiji vingi na kuvipanga kandokando ya barabara, na wanavijiji wakawajibika kufyeka majani na kujaza mashimo. Desturi ya kumhesabu mkazi kuwa mfanyakazi wa barabara, bila kumhesabu kuwa mwenye kauli juu yake, ilianzia hapo. Haikufa pamoja na ukoloni, kwani katika miaka ya 1970 ilirudi kwa jina la salongo, yaani kazi ya lazima ya jumuiya chini ya utawala wa Mobutu.

Reli ilipochakaa na meli zikapungua, ndege ilichukua nafasi ya pekee. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishukia Simi-Simi, uwanja wa zamani ulio magharibi ya mji. Baadaye Bangboka ukawa uwanja mkuu. Katika vita vya mwaka 1998 hadi 2003, wakati mto na barabara vilipofungwa na mistari ya mapigano, mji uliishi kwa kile kilichoshushwa na ndege. Majeshi ya Rwanda na Uganda yaligombea Kisangani kwa silaha mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Katika siku sita za Juni 2000, tarehe 5 hadi 10, raia zaidi ya 760 waliuawa kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Ni dhahiri kwamba barabara ya kwenda uwanjani ilikwisha kuwa jambo la dola kabla haijawa jambo la manispaa.

3.0 Mabaraza yaliyozaliwa na kuzimika

Si kweli kwamba mabaraza ya mji ni jambo geni Kisangani. Dikrii ya tarehe 26 Machi 1957 iliweka utaratibu wa miji na komini katika Kongo ya Ubelgiji. Wapiga kura wa Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, waliingia katika utaratibu huo Desemba 1958, mwaka mmoja baada ya Leopoldville, Elisabethville na Jadotville. Desemba 1959 chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilipata ushindi mkubwa katika uchaguzi wa mji huo.

Hata hivyo, uhuru ulikuja miezi sita baadaye, na baada yake maasi. Mabaraza hayakupata muda wa kujifunza kazi ya kupanga bajeti. Katika enzi ya Zaire, 1971 hadi 1997, komini ziliitwa zone, na wakuu wake walikuwa watumishi wa chama na dola kwa wakati mmoja. Sheria ya mwaka 1982 ilizungumzia ugatuzi wa madaraka, lakini ndani ya mfumo wa chama kimoja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ziliandika upya haki za mji na komini. Pamoja na hayo, uchaguzi wa madiwani ulisubiri hadi tarehe 20 Desemba 2023, na ulifanyika katika komini za miji mikuu ya mikoa peke yake. Komini sita za Kisangani, yaani Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, zilikuwa miongoni mwake.

Pengo hilo ndilo kiini cha mjadala huu. Wakati ambapo taasisi zote zinazotengeneza barabara za Kongo ziliundwa, hapakuwa na baraza la wenyeji lenye nguvu ya kudai sehemu yake.

4.0 Daraja la barabara na mfuko wake

Taasisi hizo ziliundwa kwa awamu. Office des Routes, yaani shirika la barabara kuu, iliundwa mwaka 1971. Mwaka 1987 iliundwa Office des Voiries et Drainage (OVD) kwa ajili ya barabara za mijini na mitaro yake. Barabara za kufikia mashamba ziliwekwa chini ya idara nyingine ya serikali. Mwaka 2008 ukafuata mfuko wa taifa wa matengenezo, FONER, ambao hupata fedha zake hasa kutokana na tozo ya mafuta ya magari pamoja na ada za njiani.

Matokeo ya mgawanyo huu ni kwamba daraja la barabara ndilo huamua mlipaji wake. Barabara ya taifa ina shirika lake, barabara ya mji ina lake. Mhandisi wa komini akiona shimo, swali la kwanza analopaswa kujiuliza si ukubwa wa shimo, ni jina la barabara katika orodha ya serikali. Sheria ya mwaka 2008 huitaja komini kuwa yenye wajibu wa kutunza njia na mifereji ya eneo lake, lakini mitambo ya lami, mapipa ya lami na wahandisi wako katika mashirika ambayo makao yake makuu yako Kinshasa.

Katika maandishi, fedha za komini zipo. Katiba inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa, na sheria ya 2008 inasema kwamba asilimia 40 ya fungu hilo ni ya miji, komini, sekta na machifu. Hivyo basi, kati ya kila faranga 100 za mapato hayo, faranga 16 zingefika ngazi ya chini. Utekelezaji umekuwa pungufu mno kuliko maandishi. Kodi ya magari, ambayo katika akili ya kawaida ingefuata barabara, katiba imeipa mkoa.

Mgawanyo wa mikoa uliofanyika mwaka 2015 uliongeza ugumu. Mkoa wa zamani wa Orientale ulivunjwa kuwa Tshopo, Bas-Uele, Haut-Uele na Ituri. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Kibali ulibaki Haut-Uele. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa maeneo ya wenyeji yenye mgodi na asilimia 25 kwa mkoa wake. Kisangani, uliokuwa makao makuu ya eneo hilo lote, ukabaki na hadhi ya mji mkuu lakini bila mgodi wa namna hiyo.

5.0 Tozo ya mafuta na wasiohesabiwa

Wazo la mfuko wa barabara halikuzuka Kongo. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi 85 zinazoendelea, matengenezo ya kinga ya dola bilioni 12 yangeliokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoachwa kuharibika. Kutokana na hoja hiyo, nchi nyingi za Afrika zilianzisha tozo ya mafuta iliyotengwa kwa barabara: Kenya mwaka 1993, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2008. Tanzania iliimarisha mfuko wake mwaka 1998, na kwa muda mrefu ilitenga asilimia 30 kwa ajili ya barabara za halmashauri, hata kabla ya kuanzishwa kwa TARURA mwaka 2017. Kiwango hicho kilizua malalamiko, lakini diwani wa Tanzania alijua kuna fungu la kulalamikia.

Kanuni ya tozo ni ya haki kwa juujuu: atumiaye barabara hulipa, na alipaye hutengenezewa. Lakini Kisangani ni mji wa toleka. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kilingala na maana yake ni "tupite", lilitumika kwa baiskeli zilizobeba abiria mjini wakati petroli ilipoadimika, kabla pikipiki hazijachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwendesha toleka hachomi mafuta, hivyo halipi tozo. Mama anayebeba mihogo kichwani kuelekea sokoni halipi pia. Mahali ambapo kipaumbele hupimwa kwa wingi wa magari, hao wawili huwa hawamo katika hesabu, ingawa ndio huumizwa kwanza na mtaro uliobomoka. Ni kundi hili hasa ambalo baraza la kuchaguliwa lingelisemea, kwa kuwa kura haiulizi kama mpigaji anamiliki gari.

6.0 Bangboka kwenye mizani

Ikiwekwa kwenye mizani hii, barabara ya Bangboka ina uzito wa pande nyingi. Inahudumia uwanja wa kimataifa, kwa hiyo serikali kuu inaihitaji. Inapitwa na viongozi wa mkoa, kwa hiyo ubovu wake huonekana upesi. Inabeba magari yenye kuchoma mafuta, kwa hiyo hesabu ya magari inaiunga mkono. Njia ya mtaa wa Lubunga haina uzito hata mmoja kati ya hizo. Zaidi ya hayo, Lubunga iko ng'ambo ya mto na hakuna daraja juu ya Mto Kongo mahali hapo; mtambo wa kushindilia lami sharti uvushwe kwa chombo cha majini kabla ya kazi kuanza.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba abiria wa ndege ndiye anayeilipia barabara hiyo. Tangu mwaka 2009 abiria hulipa Go-Pass, ambayo ilianza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, lakini fedha hizo zilikusudiwa kwa viwanja vya ndege. Zinakoma langoni. Nje ya lango anaanza mlipaji mwingine, na huyo hutegemea daraja la barabara.

Kuna pia suala la maji. Kisangani iko karibu na ikweta na hupata takriban milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, bila kiangazi cha kweli. Katika hali hiyo, lami mpya juu ya mitaro iliyoziba ni fedha iliyotupwa. Kwenye barabara za udongo, Wakongo wana dawa ya zamani na ya bei nafuu: kizuizi cha mvua, ambacho huzuia malori kupita mpaka ardhi ikauke. Uzibuaji wa mitaro na usimamizi wa vizuizi ni kazi ambazo vikundi vya wenyeji huweza kuzifanya kwa koleo na mshahara mdogo. Lakini kazi hizo hazina sherehe ya uzinduzi, na kwa sababu hiyo aghalabu huachwa nyuma ya lami mpya.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba upangaji wa barabara katika Kisangani umefuata njia ya fedha, na fedha zimefuata ngazi ya utawala iliyo mbali na mkazi. Kulaumu barabara ya uwanja wa ndege hakufai kitu. Mji uliowahi kuishi kwa ndege peke yake hauwezi kuiacha barabara hiyo ife. Tatizo ni kwamba barabara hiyo hupimwa katika mizani moja na barabara nyingine hazipandishwi mizanini kabisa.

Madiwani waliochaguliwa Desemba 2023 wamerithi wajibu ulioandikwa mwaka 2008 na desturi ya kale zaidi, ile ya kumpa mkazi koleo bila kumpa kauli. Kama watapata orodha ya barabara za komini zao pamoja na daraja la kila moja, kiasi cha fedha kinachostahili kuwafikia, na haki ya kuuliza kwa nini hakikufika, baraza litakuwa limeanza kazi ambayo mtangulizi wake wa mwaka 1958 hakupewa muda wa kuifanya. Wakikosa hayo, watabaki mashahidi wa uzinduzi wa lami ya wengine. Mhogo hauna Go-Pass, lakini nao una safari, na safari hiyo hupita katika njia ambayo mpaka leo haina mlipaji wa hakika.