Kujisemea Chuoni: Historia ya Wanafunzi Wenye Ulemavu wa Kujifunza Nchini Marekani

Ulemavu wa kujifunza, kwa maana inayotumika Marekani, ni hali ya mtu mwenye akili timamu, na pengine kali, kupata shida ya kudumu katika kusoma, kuandika au kufanya hesabu kutokana na namna ubongo wake unavyochakata lugha au tarakimu, wala si kutokana na uvivu, mafundisho hafifu au kasoro ya macho na masikio. Kwa kuwa hauonekani, ulemavu huu haujulikani mpaka usemwe, na ndiyo maana historia ya elimu ya watu hawa ni, kwa sehemu kubwa, historia ya nani aliyewasemea: kwanza daktari, kisha mzazi, kisha sheria, na mwishowe, kwa kuchelewa mno, mwanafunzi mwenyewe.

Madaktari walitangulia. Mwaka 1877 Adolf Kussmaul wa Ujerumani alieleza hali aliyoiita upofu wa maneno, yaani kushindwa kusoma ilhali macho ni mazima, akiwazungumzia watu wazima walioumia ubongo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, akaandika juu ya mvulana wa miaka 14 aliyezaliwa na shida hiyo, hodari wa hesabu lakini asiyeweza kusoma, ambaye mwalimu wake alishuhudia kwamba angewapita wanafunzi wote shuleni laiti mafundisho yangetolewa kwa mdomo tu. Katika maelezo hayo mashuhuri daktari anasikika na mwalimu anasikika, lakini mvulana mwenyewe anasikika kwa maneno machache tu, tena kupitia kalamu ya daktari, na hali hiyo ilidumu kwa miongo mingi.

Wazazi walichukua nafasi ya madaktari mwaka 1963, walipokutana Chicago kutafuta jina moja la kuwaunganisha, na mtaalamu wa elimu Samuel Kirk akatumia mbele yao istilahi ya ulemavu wa kujifunza, wakaipokea na mwaka uliofuata wakaunda chama chao cha kitaifa. Ushawishi wa wazazi ulichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1975, iliyoziwajibisha shule za umma kumtafuta kila mtoto mwenye ulemavu, kumpima na kumwandikia mpango wa elimu unaomfaa yeye peke yake. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulizaa mazoea ambayo madhara yake yalionekana baadaye: kila mwaka walimu, wanasaikolojia na wazazi walikaa mezani kuzungumzia shida za mtoto, naye mara nyingi hakuwapo, hata akamaliza sekondari bila kujua karatasi zake zinasema nini.

Vyuo vikuu viliguswa na sheria nyingine kabisa. Kifungu cha 504 cha Sheria ya Utengamao ya mwaka 1973 kilipiga marufuku ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, ila kanuni za kukitekeleza zilicheleweshwa kwa takriban miaka minne, mpaka Aprili 1977, ambapo wanaharakati, miongoni mwao Judith Heumann, waliketi katika jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu na waziri Joseph Califano akatia saini tarehe 28 ya mwezi huo. Sura za harakati hizo zilikuwa hasa za watumiaji wa viti vya magurudumu, viziwi na wasioona. Vijana wenye ulemavu wa kujifunza walirithi matunda ya mapambano ambayo wengi wao hawakuyapigana, na huenda hilo nalo liliwachelewesha kujiona kuwa wenye haki.

Kati ya sheria hizo mbili palikuwa na ufa, na katika ufa huo ndipo mafunzo ya kujisemea yalipozaliwa. Shuleni wajibu wa kumtambua mwenye ulemavu ni wa shule. Chuoni ni wa mwanafunzi, ambaye hana budi kujitambulisha mwenyewe kwenye ofisi ya huduma za ulemavu, kuwasilisha vipimo na kuomba marekebisho, yaani mabadiliko ya namna ya kusoma au kufanya mtihani yasiyopunguza kiwango cha somo, kama vile muda wa ziada, chumba tulivu au vitabu vilivyorekodiwa kwa sauti. Zaidi ya hayo, sheria ya faragha ya kumbukumbu za elimu ya mwaka 1974 humhamishia mwanafunzi haki zote za mzazi juu ya kumbukumbu hizo anapofika miaka 18 au anapoingia chuo. Kijana aliyesemewa kwa miaka 12 alitakiwa, ndani ya likizo moja, ageuke msemaji.

Vyuo vichache viliona pengo hilo mapema. Curry College huko Massachusetts kilianzisha programu yake ya wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza mwaka 1970, na mwaka 1985 Landmark College kilifunguliwa Putney, Vermont, kwa ajili yao mahususi. Dhana yenyewe ya kujisemea ilitoka kwingine: ilikuzwa na watu wenye ulemavu wa akili, kundi tofauti, kupitia vilabu vya Sweden vya miaka ya 1960 na chama cha People First kilichoanza Oregon mwaka 1974. Kiswahili kina neno kujitetea, ambalo masikioni mwa wengi humleta mshtakiwa kizimbani. Kujisemea kunafaa zaidi, kwa kuwa mwanafunzi huyu hana kosa la kujibu. Mwaka 1994 Loring Brinckerhoff alichapisha makala juu ya kuwajengea vijana wanaoelekea chuoni stadi hizo, na mwaka 2005 David Test na wenzake wakazipanga katika nguzo nne: kujijua, kujua haki, kuwasiliana na kuongoza wengine. Ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana asiyeweza kueleza kwa maneno yake kwa nini kurasa 20 humchukua usiku mzima hawezi kuomba kitu chochote kinachomsaidia.

Jaribio kubwa la umma lilitokea Boston University, ambako Brinckerhoff huyo huyo aliongoza huduma za wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza. Mwaka 1995 mmoja wa viongozi wa chuo, Jon Westling, alihutubia kuhusu mwanafunzi aliyemwita Samantha, anayesinzia darasani na kudai upendeleo usio na kikomo; chuo kikawataka wanafunzi wapimwe upya kwa gharama kubwa, Brinckerhoff akajiuzulu, na wanafunzi wakaenda mahakamani. Katika kesi hiyo Westling alikiri kwamba Samantha alikuwa wa kubuni. Wanafunzi walioshtaki, kinyume chake, walikuwa watu halisi, nao walieleza mbele ya jaji yale ambayo kwa kawaida hufichwa kwa aibu. Hukumu ya Agosti 1997 ililaani masharti ya kupimwa upya, lakini haikukiondolea chuo haki ya kulinda viwango vyake: suala la kuwaruhusu wanafunzi hao kuchukua somo jingine badala ya somo la lugha ya kigeni lilirudishwa kwa wanataaluma ili walijadili kwa utaratibu wa haki, na mwaka 1998 mahakama ikakubali uamuzi wao kwamba somo hilo ni la msingi.

Mabadiliko ya mwaka 2008 katika sheria ya Wamarekani wenye ulemavu yalipanua tafsiri ya ulemavu, na kusoma na kufikiri vikatajwa waziwazi kuwa shughuli kuu za maisha. Hata hivyo, utaratibu wa vyuo haukubadilika sana: ofisi huandika barua inayoorodhesha marekebisho aliyopewa mwanafunzi, bila kwa kawaida kutaja aina ya ulemavu wake, na katika vyuo vingi ni yeye anayetarajiwa kumwendea kila mhadhiri kupanga utekelezaji, huku akiamua mwenyewe, mlangoni pa ofisi ya mhadhiri, aseme kiasi gani na anyamaze wapi.