Wageni Walioimba Bombay

Wasomi wetu wamezoea kuitazama sinema ya Kihindi kwa jicho la dharau. Husema ni mchezo wa machozi na ngoma, ambamo mtu akipatwa na furaha huimba, na akifikwa na msiba huimba vile vile. Sikatai kwamba picha nyingi ni dhaifu. Lakini mwenye kutaka kuijua historia ya miji ya Bara Hindi baada ya uhuru wa mwaka 1947, naye akaziacha nyimbo hizo nje ya mlango, atakuwa ameutupa ushahidi asioweza kuupata katika majalada ya serikali. Nakusudia kuutazama mji mmoja tu, Bombay, ambao tangu mwaka 1995 jina lake rasmi ni Mumbai, na zaidi katika miaka michache iliyofuata 1950.

Hadithi za picha za miaka hiyo ziliuhukumu mji bila huruma. Katika Shree 420, picha aliyoitoa Raj Kapoor mwaka 1955, kijana anakuja kwa miguu kutoka Allahabad, hana mali ila nishani aliyotunukiwa kwa uaminifu wake. Afikapo Bombay nishani hiyo anaiweka rehani. Baadaye anajifunza ulaghai, anavaa suti, na anaingia katika kundi la matajiri wanaokusanya fedha za maskini kwa ahadi ya nyumba zisizokuwapo. Jina la picha latokana na kifungu cha 420 cha Sheria ya Jinai ya India, kilichokuwa kikiadhibu udanganyifu hadi mwaka 2024. Na sheria hiyo, tusisahau, iliwahi kutumika hata huku kwetu Afrika Mashariki. Miaka miwili kabla yake, Do Bigha Zamin ya Bimal Roy ilikuwa imekwisha kumwonyesha mkulima akivuta riksho katika barabara za Calcutta apate kulikomboa shamba lake, na shamba lisikomboke. Mtu aliyezifuata hadithi peke yake angesema kwamba sinema ya Kihindi iliuchukia mji.

Nyimbo hazikusema hivyo. Katika Shree 420 hiyo hiyo, kijana yule, akiwa ameshiba anasa, anasikia watu wa kando ya njia wakiimba, na wimbo unamvuta kurudi kwao. Ni watu wasio na paa, na katika kiitikio chao mna maneno ya Kitelugu yaliyoingia katikati ya Kihindi, kama yaingiavyo maneno ya kila lugha katika mji wa bandari. Wala hawalii, wanacheza. Nionavyo mimi, hapo barabarani ndipo penye furaha ya kweli katika picha nzima.

Mfano ulio bora zaidi umo katika C.I.D. ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Raj Khosla. Hadithi yake ni ya polisi na wauaji, nami sina haja nayo. Lakini ndani yake mna mchopozi mmoja, aliyechezwa na Johnny Walker, aimbaye juu ya ugumu wa kuishi Bombay. Anayataja majumba, tramu, motokaa na viwanda, kisha asema kwamba vyote vimo humo isipokuwa moyo wa mtu. Ni mashtaka makali, lakini yametiwa katika mahadhi mepesi yaliyochukuliwa kutoka wimbo wa zamani wa Kimarekani, Clementine, hata msikilizaji hutikisa kichwa kabla hajajua anaambiwa nini. Mwishoni mwanamke anamjibu. Anayapindua maneno yake na kusema kuwa kuishi hapa ni rahisi. Hivyo mji unashtakiwa na kutetewa katika wimbo mmoja, wala hapana hakimu. Tramu za Bombay ziliondolewa mwaka 1964, na katika wimbo huo zingali zikitajwa.

Yafaa kuuliza ni nani waliosema maneno hayo. O. P. Nayyar, aliyeufanyia wimbo huo muziki, alizaliwa Lahore. Majrooh Sultanpuri, aliyetunga shairi lake, alitoka Sultanpur, mbali kaskazini. Mohammed Rafi, aliyeimba sauti ya mwanamume, alitoka kijiji cha Punjab, na Geeta Dutt, aliyeimba ile ya mwanamke, alizaliwa Faridpur, ambayo leo imo Bangladesh. Johnny Walker mwenyewe, mzaliwa wa Indore, alikuwa kondakta wa basi katika mji huo huo kabla ya kuingia katika sinema. Hapana hata mmoja kati yao aliyezaliwa Bombay. Ukirudi kwa Shree 420 utawakuta wa namna hiyo hiyo: Raj Kapoor mzaliwa wa Peshawar, mshairi Shailendra, aliyekuwa mchomeleaji katika karakana ya reli, na Sebastian D'Souza, Mgoa aliyepanga sauti za ala za Shankar na Jaikishan, ambaye kabla ya India na Pakistani kutengana alikuwa akipiga muziki wa dansi Lahore. Mgawanyiko wa mwaka 1947 uliwafungia wengi njia ya kurudi walikotoka. Mtu asiye na pa kurudi hawezi kuuchukia mji kwa moyo mmoja, kwani hana mwingine.

Ufundi nao ulisaidia. Tangu mwaka 1935, katika picha iitwayo Dhoop Chhaon, ilianza desturi ya mwimbaji kuimba nyuma ya pazia na mchezaji kuchezesha midomo tu. Wimbo ukawa na maisha yake mbali na hadithi, ukaweza kutoka katika jumba la sinema na kwenda zake katika santuri na redio. Ndivyo mahadhi hayo yalivyofika hata pwani yetu, ambako Juma Bhalo wa Mombasa aliyavisha mashairi ya Kiswahili, na watu wakayapokea kama yao.

Walikuwapo waliochukizwa. B. V. Keskar, aliyekuwa waziri wa habari wa India tangu mwaka 1952, aliona nyimbo za sinema zinaharibu masikio ya taifa, akazipunguza sana katika redio ya serikali ili watu wasikilize muziki wa jadi. Watu hawakubishana naye. Walizungusha vifungo vya redio zao hadi Radio Ceylon ya Colombo, ambako Ameen Sayani alikuwa akizipanga nyimbo hizo kwa daraja kila juma. Mwaka 1957 serikali ilianzisha idhaa ya Vividh Bharati, na nyimbo zikarudi nyumbani.

Maelewano yale ya wimbo na mji hayakudumu. Katika Deewaar, picha ya Yash Chopra ya mwaka 1975, nyimbo ni chache, na hasira imeshika mahali pake. Amitabh Bachchan anacheza mtoto aliyelala chini ya daraja pamoja na mama yake, akawa mchukuzi bandarini, kisha mfanya magendo. Siku moja analinunua jumba refu ambalo mama yake alibeba matofali ya kulijenga. Anampa zawadi, wala haimbi.