Mlima, mwangwi na king'amuzi: Safari ya ishara Meru na Embu

KATIKA vijiji vingi vya Meru na Embu, enzi za televisheni ya analogi, kuzungusha mlingoti wa antena ilikuwa kazi ya watoto. Mmoja alikamata mlingoti nyuma ya nyumba, mwingine alisimama mlangoni kama mjumbe, naye baba akiwa kitini aliamuru: "Rudisha kidogo! Hapo hapo! Usiachilie!" Picha ilipopatikana, mara nyingi ilikuwa na chengachenga, na msomaji wa habari alionekana akiwa na pacha wake hafifu kando ya bega.

Pacha huyo hakuwa hitilafu ya runinga. Alikuwa kazi ya milima.

Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Yakitoka kwenye mtambo, baadhi hufika kwenye antena moja kwa moja, na mengine hugonga kwanza genge au kilima, kisha yakarudi kama mwangwi. Wimbi lililozunguka kilomita tatu zaidi huchelewa kwa mikrosekunde 10, yaani sehemu 10 za milioni ya sekunde. Muda huo ni kama si kitu, lakini runinga ya analogi ilichora kila mstari wa picha kwa takriban mikrosekunde 52. Kwa hiyo mwangwi huo ulichorwa umbali wa kama sehemu moja kwa tano ya upana wa kioo. Katika nchi ya mabonde na miinuko iliyo chini ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, vilima vya Nyambene vikiwa upande mwingine, mwangwi wa aina hiyo haukwepeki.

Taaluma inayoshughulikia mambo haya huitwa uchakataji wa ishara. Ishara ni kitu chochote kinachobadilika na kubeba habari: sauti, mwanga, mpigo wa moyo, mawimbi ya redio. Kuichakata ni kuipima, kuisafisha, kuibana na kuitoa katika kelele. Msingi wake ni wa kale. Mwaka wa 1807, Mfaransa Joseph Fourier, akichunguza jinsi joto linavyosambaa, alionyesha kwamba mabadiliko yaliyo tata yanaweza kugawanywa kuwa jumla ya mawimbi mepesi. Mnamo 1965, James Cooley na John Tukey wa Marekani walichapisha njia ya haraka ya kufanya mgawanyo huo kwa kompyuta. Mkulima wa majani chai kule Imenti huitumia njia hiyo kila anapowasha king'amuzi, ijapokuwa hakuna aliyewahi kumwambia.

Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009. Wengi wanaukumbuka zaidi mwaka wa 2015, wakati stesheni za NTV, KTN na Citizen ziliponyamaza kwa karibu wiki tatu kufuatia mvutano kuhusu kuzimwa kwa mitambo ya analogi. Tarehe ya mwisho iliyowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) ilikuwa Juni 17 mwaka huo.

Mjadala wa wakati huo ulihusu sana bei ya ving'amuzi na nani angemiliki mitambo, na ni haki ulihusu hayo. Hata hivyo, jambo moja halikuelezwa vya kutosha. Mfumo wa dijitali haurushi picha kwa wimbi moja la kasi, bali huigawa habari kwa maelfu ya mawimbi madogo yanayokwenda sambamba, kila moja likienda polepole. Kati ya kipande kimoja na kinachofuata huachwa pengo, ambalo linaweza kuzidi mikrosekunde 100. Mwangwi wa mlimani huangukia ndani ya pengo hilo, nacho kipokezi huupuuza. Pacha wa msomaji wa habari akatoweka.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Ishara ya analogi ilidhoofika kwa hatua: chenga ziliongezeka, sauti ikakwaruza, ila mtu aliweza kufuata taarifa. Ya dijitali husahihisha makosa yake yenyewe hadi kufikia kikomo, kisha picha huganda vipandevipande na kutoweka kabisa. Aliyeishi nyuma ya kilima na kuridhika na picha mbovu alijikuta hana picha yoyote. Kwake, maendeleo yalifika yakiwa kioo cheusi.

Ndiyo maana redio ya FM, ambayo bado ni ya analogi, imeendelea kuwa na nguvu huku. Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu husikika hata kwa redio ndogo ya betri.

Simu nayo ina hadithi yake. Sauti ya kawaida ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na ikihifadhiwa hivyo hivyo huhitaji biti 64,000 kila sekunde. Mtambo wa awali wa GSM uliibana hadi biti 13,000. Haukufanya hivyo kwa kutupa maneno, bali kwa kuiga jinsi koo na kinywa cha binadamu vinavyotoa sauti. Kwa kuwa umejengwa juu ya kinywa cha mtu, ukipigiwa ngoma au kwaya huiharibu vibaya. Aliyewahi kuwekewa muziki akisubiri kuhudumiwa anajua.

Tembo pia wamo. Hifadhi ya Lewa, katika Kaunti ya Meru, imeunganishwa na msitu wa Mlima Kenya kwa ushoroba uliofunguliwa 2011, wenye njia ya chini kwa chini inayopita chini ya barabara ya Meru kuelekea Nanyuki. Ndovu mashuhuri aliyeitwa Mountain Bull alivishwa ukosi wa kutambua alipo. Ishara za GPS zinazotumiwa kwa kazi hiyo hutoka kwa setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 20,000, na zikifika ardhini huwa dhaifu kuliko kelele ya kipokezi chenyewe. Huopolewa kwa kulinganishwa tena na tena na mfuatano wa nambari unaojulikana. Ukosi haukumwokoa: aliuawa na majangili 2014. Lakini njia alizopita zilisaidia kuonyesha kwa nini ushoroba huo ulihitajika.

Kuhusu siku zijazo, uwanja wenye ushindani mkubwa ni wa mashine kutambua usemi. Kimeru na Kiembu ni lugha za toni. Kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo. Mashine hujifunza kutokana na rekodi nyingi zilizoandikwa neno kwa neno, na hapo ndipo lugha hizi zina upungufu. Stesheni za lugha za mama hutangaza saa nyingi za mazungumzo kila siku: wakulima, wazee, wahubiri, wapigaji simu wa alfajiri. Sauti hizo zikihifadhiwa na kunukuliwa kwa uangalifu, zinaweza kuwa msingi wa simu inayomwelewa bibi wa Tigania au wa Runyenjes asiyejua kusoma. Zisipohifadhiwa, bibi huyo ataendelea kumwita mjukuu ambonyezee simu.